Afisa wa Anga za Juu: Kazi ya Zamu, Saa na Namba, Ukiitazama Kutoka Mtwara

Mei 2024 ilikuwa na mambo matatu ndani ya siku tisa. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zilizokuja nacho zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga. Tarehe 10 kuamkia 11 jua lilituletea dhoruba ya sumaku ya daraja la G5, la juu kabisa kwenye kipimo, ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003. Tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. La kwanza linakumbukwa kwa matope, la tatu kwa sababu WhatsApp iligoma. La katikati halina anayelitaja vijiweni, ingawa ndilo lililowakesha maafisa wa jeshi wa nchi kadhaa ambao kazi yao ya kila siku ni satelaiti.

Kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, kwa ajili ya kijana wa Ndanda, Masasi, Kilwa au Newala ambaye amesikia kwamba siku hizi kuna jeshi la anga za juu na akadhani ni kazi ya kuvaa kofia ya kioo na kuelea. Sivyo. Wapo wachache wanaorushwa kweli: Kanali Nick Hague wa jeshi la anga za juu la Marekani alirushwa Septemba 2024 kwenda kituo cha kimataifa cha anga za juu. Lakini huyo alichaguliwa kuwa mwanaanga, na hiyo ni safari nyingine kabisa. Afisa wa kawaida wa fani hii anamaliza utumishi wake wote bila kupanda juu zaidi ya ndege ya abiria. Anakaa chumba kisicho na madirisha, mbele ya skrini, na silaha yake kuu ni kitabu cha hatua.

Nchi zenye kazi hii si Marekani peke yake. Jeshi la anga za juu la Marekani lilianzishwa tarehe 20 Desemba 2019, likitokana na kamandi iliyokuwa ndani ya jeshi la anga tangu 1982. Ufaransa na India zilianzisha vyombo vyao 2019, Uingereza 2021. Nigeria ina taasisi yake ya ulinzi ya anga za juu. Kwa majirani zetu wa Kenya, wakala wa anga za juu ulioundwa 2017 uko chini ya Wizara ya Ulinzi, na satelaiti yao ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Pwani hii ya Waswahili nayo si mgeni wa mambo haya. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha maroketi kutoka jukwaa la baharini kati ya 1967 na 1988, na satelaiti ya Uhuru ilipaa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kurusha watu. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962 alizungumza na Zanzibar akiwa juu. Kituo kilifungwa 1964, baada ya Mapinduzi.

Ndani ya fani kuna migawanyo. Wapo wanaoendesha satelaiti zenyewe, za mawasiliano, za kuongoza safari na za kutazama. Wengine hufuatilia kila kitu kinachozunguka dunia, kizima na kilichovunjika, na wengine husubiri mwako wa kombora unaoonekana kwa vihisi vya joto. Kuna kundi la vita vya masafa, yaani kuziba mawimbi na kujikinga yasizibwe, na kuna la mitandao ya kompyuta. Kijana husikia neno jeshi akawaza kombora. Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, ni ya kundi la kwanza na la pili, na ndiyo tutakayokaa nayo.

Zamu inavyokwenda

Chukua satelaiti ndogo iliyo kilomita 500 hadi 600 juu. Inaizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, kwa mwendo wa kilomita 7.6 kwa sekunde. Kituo kimoja cha ardhini kinaiona kwa dakika 5 mpaka 12 tu kila inapopita, na mapito yenye maana mara nyingi ni manne mpaka sita kwa siku. Kwa hiyo kila kitu kinaandaliwa kabla.

Anayeingia zamu anapokea kwanza kwa anayetoka. Kitabu cha matukio kinasomwa mstari kwa mstari: nini kilibadilishwa, kengele ipi ililia, amri ipi imesubirishwa. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu anayetoka amechoka na anayeingia anaona aibu kuuliza. Kisha mpango wa kupita kwa satelaiti unaandaliwa: saa ya kuchomoza, mwelekeo, pembe ya juu kabisa, saa ya kuzama, antena ipi imetengwa, na orodha ya amri kwa mpangilio. Muda wote huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Saa 2 usiku ya Mtwara ni 20:00 kwa Afrika Mashariki na 17:00 kwa UTC, na ukichanganya tu hapo antena itaelekea angani kusiko na kitu. Usidharau hili. Ni kosa la kila mwanagenzi, na huwapata hata wazoefu zamu inapovuka usiku wa manane wa UTC na tarehe kubadilika katikati ya kazi.

Satelaiti ikichomoza, mawimbi hunaswa kwenye nyuzi 5 hivi juu ya upeo. Chini ya hapo majengo, miti na hewa nzito huvuruga. Masafa nayo hayatulii. Kwa satelaiti inayotumia megahezi 437, mwendo wake huyasogeza karibu kilohezi 10 juu inapokuja na 10 chini inapokwenda, na mpokeaji lazima afuate. Yakishanaswa, kinachosomwa kwanza ni afya ya chombo: volti za betri, joto la kila sehemu, mwendo wa magurudumu yanayoigeuza, shinikizo la tangi kama ina injini. Kila namba ina mipaka ya njano na nyekundu. Afisa mzuri hasubiri njano. Anajua kwamba betri hii siku zote hutoka kivulini ikiwa na volti fulani, na leo iko chini kidogo ingawa bado ni kijani. Tofauti hiyo ndogo ndiyo anayoiandika.

Amri hutumwa na watu wawili. Mmoja anasoma, mwingine anathibitisha kwenye hati, ndipo kitufe kinabonyezwa, na chombo kinasubiriwa kirudishe jibu kwamba kimepokea na kimetekeleza. Hayo ni majibu mawili tofauti, na wengi huridhika na la kwanza. Satelaiti inaweza kuipokea amri sawasawa na isiitekeleze, kwa kuwa hali iliyotakiwa iwepo kwanza haipo.

Ikiwa chombo kimejiweka katika hali ya kujilinda, yaani kimezima kila kisicho cha lazima na kugeuzia paneli juani, kishawishi cha kwanza ni kukiamrisha kirudi kazini. Ndilo jambo la hatari kuliko yote. Utaratibu ni umeme kwanza, joto la pili, mawasiliano la tatu, sababu la nne. Kama betri inajaa na hakuna sehemu inayoganda, una saa nyingi za kufikiri. Zitumie. Kuna visa ambavyo uvumilivu peke yake ndio uliofanya kazi: satelaiti ya mawasiliano ya Galaxy 15 iliacha kusikia amri Aprili 2010, ikawa inaelea kwenye njia ya wenzake huku bado inarusha mawimbi. Haikurudi mikononi mpaka Desemba, betri ilipoisha na kompyuta yake ikajiwasha upya.

Kwa satelaiti za juu kabisa, zile zinazoonekana kusimama mahali pamoja kilomita 35,786 juu ya ikweta, kazi ina misimu. Mara mbili kwa mwaka, kwa siku kama 45 kuzunguka Machi na Septemba, chombo hupita kwenye kivuli cha dunia kila usiku, hadi dakika 72 siku ya kilele. Betri zote hupimwa nguvu hapo. Mafundi dishi wa Mtwara wanaujua msimu huohuo kwa upande wa chini: karibu na tarehe 24 au 25 Machi, na tena karibu na 18 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti likitazamwa kutoka latitudo yetu, na picha hupotea dakika chache mchana kweupe kwa siku kadhaa mfululizo. Mteja hupiga simu, fundi hupanda kuligeuza dishi lisilo na kosa, na jua likishahama dishi linakuwa limepotea kweli.

Saa ndiyo kila kitu

Mfumo wa GPS unaendeshwa na kikosi cha jeshi la anga za juu la Marekani kilichopo Schriever, Colorado, na kituo cha akiba kiko Vandenberg, California. Satelaiti zake ziko kilomita 20,200 juu, kila moja ikizunguka mara mbili kwa siku, na zinahitajika angalau 24 ili dunia yote ifunikwe. Antena za kupeleka taarifa zimetawanywa duniani, mojawapo Diego Garcia, katika Bahari ya Hindi hii hii. Kila satelaiti ina saa za atomu, na inachokitangaza ni mambo mawili: niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu yako hupima tofauti ya kuwasili kwa matangazo ya satelaiti nne au zaidi.

Mwanga husafiri mita 300 kwa maikrosekunde moja. Kwa sababu ya mwendo na ya udhaifu wa mvutano huko juu, saa hizo zingetangulia za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku kama hazingerekebishwa kabla ya kurushwa. Zidisha: kilomita 11 za kosa kwa siku moja. Marekebisho hayo ni ya kiwandani. Kazi ya afisa wa zamu ni yale madogo yanayobaki, kwani hakuna saa mbili zinazokimbia sawa. Vituo vya kupimia husikiliza, kompyuta hukadiria kila saa imepotoka kiasi gani na kila chombo kiko wapi, na angalau mara moja kwa siku kila satelaiti hupelekewa taarifa mpya za kutangaza. Zikichelewa, nafasi inaanza kuharibika polepole, bila kelele.

Mfano wa jinsi mambo yanavyokwenda mrama ni wa tarehe 26 Januari 2016. Satelaiti kongwe ya mfumo, SVN 23, iliyorushwa 1990, ilikuwa inaondolewa kazini. Kuondolewa kwake kukaibua kasoro katika programu ya ardhini, na satelaiti nyingine 15 zikapelekewa namba isiyo sahihi. Namba yenyewe haikuwa ya mahali. Ilikuwa ile inayomwambia mpokeaji tofauti kati ya saa ya GPS na saa rasmi ya dunia, na ilikosea kwa maikrosekunde 13. Ndiyo maana madereva na manahodha hawakuona kitu. Walioumia ni wenye mitambo inayochota muda tu. Minara ya simu ya teknolojia fulani inatakiwa kukubaliana ndani ya maikrosekunde 1.5, kwa hiyo 13 ni nyingi mno. Kengele zililia katika vyumba vya mawasiliano kwa saa kadhaa kabla ya chanzo kujulikana.

Ukikisoma kisa hicho kwa makini utaona kwamba hakuna aliyebonyeza kitufe kibaya. Hatua ilifuatwa na programu ikafanya ilichoandikiwa. Kilichohitajika ni mtu wa kuitazama namba ile baada ya kupakiwa na kuilinganisha na ya jana. Mafunzo ya zamu tangu siku ya kwanza hurudia hilo: ukibadilisha A, kalinganishe B, C na D ambazo hukuzigusa.

Taka na migongano

Tarehe 10 Februari 2009 satelaiti ya Iridium 33 iliyokuwa kazini iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokwisha kufa, kilomita karibu 790 juu ya Siberia. Miaka miwili kabla yake China ilikuwa imeipiga satelaiti yake yenyewe ya hali ya hewa kwa kombora, na vipande zaidi ya 3,000 vikaandikwa kwenye orodha. Urusi ilifanya hivyohivyo Novemba 2021, vipande zaidi ya 1,500. Tunasema waziwazi: majaribio hayo yalikuwa upumbavu, na wanaolipa ni kila mwenye chombo juu, pamoja na nchi ambazo ndiyo kwanza zinarusha cha kwanza.

Afisa wa ufuatiliaji hupokea vipimo vya rada na darubini, na kutoka hapo hutabiri nani atampitia nani karibu. Onyo linalotoka lina saa ya kukaribiana, umbali unaotarajiwa, na kitu cha tatu ambacho wageni hukiruka: ukubwa wa shaka. Umbali wa mita 900 wenye shaka ya mita 50 ni salama. Umbali wa kilomita 3 wenye shaka ya kilomita 5 si salama. Shaka kubwa zaidi huwa kwenye mstari wa mwendo, mbele na nyuma, kwa sababu hewa nyembamba ya juu hupunguza kasi ya vitu na hakuna anayejua kwa hakika itakuwa nzito kiasi gani kesho. Jua likichafuka, hewa hiyo huvimba. Februari 2022 dhoruba ya kawaida tu ilitosha kuziangusha satelaiti 38 kati ya 49 za intaneti za Starlink zilizokuwa zimerushwa kwa pamoja.

Kukwepa kwenyewe ni kwa kiasi kidogo sana. Ongeza sentimita 1 tu kwa sekunde kwenye mwendo, na baada ya siku nzima chombo kitakuwa kimehama zaidi ya kilomita 2.5 kutoka pale ambapo kingekuwa. Ndiyo maana uamuzi wa mapema ni wa bei rahisi na wa dakika za mwisho ni wa bei kali. Lakini ukiamua mapema mno utakwepa kitu ambacho vipimo vya kesho vingeonyesha hakikuwa hatari, na mafuta yamekwenda, na njia yako mpya nayo inabidi ichunguzwe upya dhidi ya orodha nzima. Vituo vingi husubiri mpaka uwezekano uvuke mmoja kwa 10,000, siku moja au mbili kabla ya saa yenyewe.

Anga la Kusini

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo afisa aliyefunzwa Colorado hulisoma kitabuni na mtu wa Mtwara ana nafasi ya kulipima mwenyewe.

Ikweta ya sumaku ya dunia haifuatani na ikweta ya ramani. Upande wetu wa Afrika inapita Ethiopia. Mchana jua huzivua atomi za hewa ya juu elektroni zao, na juu ya ikweta hiyo ya sumaku umeme wa asili huzinyanyua elektroni kwenda juu zaidi, kisha zinateremka pande mbili, kaskazini na kusini, na kurundikana huko. Rundo la kusini linaangukia Tanzania, na Lindi na Mtwara ziko upande wake wa kusini, si mbali na kilele. Mawimbi ya GPS yakipita humo huchelewa. Kwa masafa yanayotumiwa na simu za bei ya chini, kila kipimo kimoja cha wingi wa elektroni kinaongeza sentimita 16, na jua likiwa kali vipimo vinaweza kupita 100 kwenye kilele. Hiyo ni mita 16. Satelaiti hutangaza hesabu ya kusahihisha, lakini hesabu hiyo huondoa karibu nusu tu ya kosa. Kipokezi cha masafa mawili huliondoa karibu lote.

Jua likizama mambo hubadilika. Tabaka la chini hupotea haraka, la juu hubaki zito, na mapovu ya hewa isiyo na elektroni hupanda kupitia katikati yake. Mawimbi yakipita pembezoni mwa mapovu hayo humetameta, kama nyota zinavyofanya. Hali huwa mbaya zaidi kati ya saa 2 usiku na usiku wa manane, Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua liko kileleni kama ilivyokuwa 2024. Hapa masafa mawili hayakuokoi, kwa sababu mawimbi hayacheleweshwi tu bali hukatika.

Kwa nahodha anayerudi Msimbati, mita kumi si kitu. Anaujua mlango wa miamba kwa macho. Kwa mpima ardhi anayeweka mawe ya viwanja, kwa anayepima njia ya bomba la gesi kutoka Madimba, au kwa droni inayotakiwa kufuata mistari ya mikorosho, ni hasara. Kwa kituo cha jeshi ni swali zito zaidi: mawimbi yamepotea kwa sababu ya anga, au kuna mtu anayaziba?

Majibu yanapatikana kwa kulinganisha. Mmetometo hula satelaiti moja moja, za upande mmoja wa anga, na hupiga zaidi masafa ya chini, 1,176 na 1,227 megahezi, kuliko yale ya 1,575. Kuziba kwa makusudi huzishusha zote kwa pamoja, bila kujali zilipo, na ukitembea kilomita chache hali hubadilika. Mawimbi ya uongo yana dalili yake: nguvu za satelaiti zote zinakaribia kulingana isivyo kawaida, kisha saa au mahali vinaruka. Na kabla ya yote hayo angalia kama ni kipokezi kimoja tu kinacholalamika. Waya wa antena ulioingiwa na maji ya chumvi umewahi kuitwa vita. Pwani hii chumvi hula kiungio kisichofungwa vizuri kwa msimu mmoja tu wa kusi.

Usishangae kwamba kuziba ni rahisi. Mawimbi ya GPS yanapofika ardhini nguvu yake ni wati moja iliyogawanywa kwa milioni ya milioni, kisha tena kwa elfu kumi. Kifaa cha wati moja kinaweza kuvuruga eneo kubwa.

Halafu kuna picha. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinaelekea mpakani, na tena kwa Hidaya, kilichoipa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku za kutangulia ni satelaiti zinazopiga picha ya Bahari ya Hindi kila dakika 15. Kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952 hakikuwa na jicho la namna hiyo la kukiona, maana satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa 1960. Baada ya kimbunga, picha za kawaida hazisaidii kwa sababu ya mawingu, na afisa wa taarifa hugeukia rada. Maji yaliyotulia huonekana meusi. Tatizo ni kwamba upepo ukiyachafua maji huonekana kama nchi kavu, na mikoko iliyofurika hung'aa zaidi badala ya kuwa myeusi, kwani mawimbi hugonga maji kisha shina na kurudi. Anayechora ramani ya mafuriko ya delta ya Rufiji kwa kanuni ya "nyeusi ni maji" atawaacha nje watu waliozingirwa na maji kwenye mikoko.

Njia ya kuingia

Kwa Marekani, mlango wa afisa hauko wazi kwa asiye raia, tuliseme mapema tusipotezeane muda. Anayeingia huko hupata kamisheni akiwa luteni usu, na tangu 2024 hupitia kozi ya miezi 12 huko Colorado inayochanganya satelaiti, upelelezi na mitandao. Mchanganyiko huo una sababu. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka wa Ukraine, modemu za mtandao wa satelaiti wa KA-SAT zilifutwa programu zake kupitia mlango wa ardhini, na mitambo ya upepo 5,800 huko Ujerumani ikapoteza usimamizi wa mbali. Satelaiti yenyewe haikuguswa. Baada ya kozi mtu hufanyiwa mtihani wa kiti chake, na hawezi kugusa amri mpaka aidhinishwe. Luteni baada ya miaka miwili, kapteni baada ya mingine miwili, meja karibu na mwaka wa kumi. Kikosi ni kidogo, hakikufika wanajeshi 10,000 katika miaka yake mitano ya mwanzo, kwa hiyo kila mtu anajulikana na uzembe nao unajulikana.

Kwa Mtanzania njia ni JKT, kisha JWTZ, kisha Chuo cha Kijeshi Monduli ukichaguliwa kuwa afisa. Nyota ya kwanza hutolewa na Amiri Jeshi Mkuu. Usiingie ukidai kupangiwa satelaiti. Jeshi hupanga linavyohitaji. Unachoweza kufanya ni kuwa na ujuzi unaokupeleka kwenye mawasiliano, rada au ramani. Kidato cha tano chukua PCM au PGM, na usiikimbie Hisabati hata mwalimu akiwa mmoja kwa shule nzima. Shahada za uhandisi wa mawasiliano, za kompyuta, au jiomatiki ya Chuo Kikuu Ardhi zina uzito kuliko chochote chenye jina la kuvutia. Anayejua kusoma namba za shaka kwenye vipimo vya ardhi ameshajua nusu ya hesabu za migongano.

Wakati unasubiri, mazoezi yapo na hayana gharama ya kutisha. Pakua programu ya bure inayoonyesha nguvu ya kila satelaiti kwenye simu. Mahali pa wazi, satelaiti nzuri husoma kati ya 35 na 45. Kaa uwanjani kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 5 usiku, Machi au Septemba, simu ikiwa imetulia juu ya meza, na uandike kila dakika kumi ni zipi zimeanguka chini ya 25 na ziko upande gani. Fanya hivyo mwezi mzima, uone kama kila mara ni upande uleule.

La pili ni kupokea picha za hali ya hewa moja kwa moja. Unahitaji kipokezi kidogo cha USB cha aina ya RTL-SDR, kompyuta, na fimbo mbili za alumini za sentimita 53.4 kila moja, zilizofungwa ncha kwa ncha kwa pembe ya nyuzi 120, zikilala sambamba na ardhi huku uwazi wa V ukielekea kaskazini au kusini. Satelaiti za Marekani za NOAA zilizokuwa zikituma kwenye masafa ya megahezi 137 zilizimwa 2025, lakini za Urusi za Meteor-M zinatuma kwa 137.9 au 137.1 megahezi, na programu ya SatDump huzisoma. Chagua zinazopita juu ya nyuzi 30. Ukipata kelele tupu, tazama kwanza saa ya kompyuta, kisha umri wa takwimu za mzingo, yaani za njia ya chombo, ambazo zikizidi wiki mbili hazifai. Mnara wa redio ya FM ukiwa jirani, punguza ukuzaji badala ya kuuongeza. Kipokezi kimezidiwa, na wengi hufanya kinyume. Taa za LED za bei rahisi nazo huchafua masafa hayo, zizime kabla ya chombo kuchomoza. Kupokea ni jambo moja. Kurusha mawimbi ya aina yoyote kunataka kibali cha TCRA, na aliyekamatwa akirusha bila kibali atapata tabu kupita kwenye uchunguzi wa usalama wa jeshi lolote.

Daftari la mazoezi haya liwe na safu tano: tarehe na saa kwa UTC, jina la chombo, pembe ya juu kabisa, nguvu ya mawimbi, na maelezo. Kwenye maelezo andika pia siku ambazo hukupata kitu.